Samaki Tisa Mbele ya Waifai

Kiwandani kwa Bosi Shih, pale Lukang, Taiwan, wanatengeneza koki za maji. Jumatatu asubuhi skana za stoo zilikata mawasiliano zote kwa pamoja, na Mama Lien, mkuu wa stoo, akampigia simu Chiu Hsiu-man, fundi aliyewafungia mtandao.

"Dada Man, waifai yako imekufa."

"Waifai yangu haifi, Mama Lien. Zima, washa."

"Nimezima, nimewasha, nimeipiga kofi. Njoo uzike mwenyewe."

Hsiu-man alikuwa na miaka arobaini na saba. Alianza utotoni kuvuta nyaya za simu na marehemu baba yake. Baadaye akaenda Taichung, kwenye kampuni kubwa, akapima mawimbi ya mtandao majengoni miaka kumi na mmoja huku wanaume wenye tai wakitia majina yao chini ya vipimo vyake. Alipochoka kuwa kalamu ya watu alirudi nyumbani, akaanza kufanya kazi kwa jina lake mwenyewe. Tangu hapo hakuna kiwanda alichokifungia mtandao kikalalamika. Alilisema hili kila mahali, tena bila kuulizwa. Jina lilikuwa ndiyo mali yake yote, ukiondoa ngazi na kigari.

Alhamisi wanunuzi kutoka Osaka walikuwa wanakuja kuona koki zikihesabiwa kwa skana. Skana zikigoma mbele yao, kufika Jumamosi mji mzima ungekuwa umeshajua ni nani aliyefunga.

Hsiu-man alipofika hakuhitaji hata kutoa laptopu. Stoo ilipata mawimbi kutoka kwa kisanduku kimoja alichokifunga ukutani, urefu wa mtu, kikitazama rafu kupitia lango pana. Mbele ya kisanduku hicho sasa palisimama tangi la vioo refu kama jeneza la tajiri, na ndani yake samaki tisa, wanane wa dhahabu na mmoja mweusi, wakimkodolea macho. Maji hunywa mawimbi kuliko ukuta wa zege. Bosi Shih alikuwa amefunga bwawa mdomoni mwa waifai.

"Liondolewe," alisema Hsiu-man.

"Haliondoki," alisema Bosi Shih. "Mwalimu Tu amelichagulia mahali, siku na saa."

"Basi nikihamishie kisanduku ukuta wa upande ule."

"Upande ule ni kusini-mashariki. Mungu wa mwaka huu, Mkuu wa Mwaka, amekaa huko, ukuta hautobolewi mpaka mwaka uishe. Unataka nife, Fundi Chiu?"

Hsiu-man alitaka, kidogo.

Mchana alimfuata Mwalimu Tu, mtazamia nyumba anayepima kwa dira wapi bahati huingia, akamkuta kibandani pa jirani yake akila chaza wa kukaanga na mayai.

"Mwalimu, tangi lako limeniua."

"Pole. Kaa unywe chai, marehemu."

Akakaa. Akamwonyesha ramani ya jengo kwenye laptopu: kijani penye mawimbi, nyekundu pasipo na kitu. Mzee alifuta vidole, akaitazama kwa heshima ya mtu wa kazi.

"Nyekundu ndiyo mkosi?"

"Ndiyo."

"Yangu naichora kwa wino." Akatoa dira yake ya mbao, akaiweka kando ya laptopu. "Tunatembea majumbani mwa watu, chombo kimeshikwa tumboni, tunatafuta visivyoonekana, na mwenye nyumba anaitikia tu. Tofauti yetu nini, binti?"

"Changu kinaisha chaji."

Mzee alicheka mpaka chaza akapotea njia. Alipopata pumzi alisema taratibu, "Nikimwambia Shih alihamishe, maana yake nilikosea. Miaka thelathini sijakosea."

"Na mimi sijakosea."

"Basi mmoja wetu itabidi aanze. Mimi ni mzee, nitajifunzia wapi?"

Hsiu-man aliivuta laptopu kwake, akaitazama ramani upya. Alikumbuka siku aliyopima. Jengo lilikuwa tupu, linanuka rangi. Alikuwa akihesabu nguzo, Bosi Shih akimfuata nyuma kama bata. Kwenye lango lile Bosi alipunga mkono, akasema, "Hapa nitaweka kitu cha baraka." Yeye aliitikia bila kugeuka, kama unavyomwitikia mtoto anayesimulia ndoto. Unene wa kila ukuta alikuwa nao. Neno la mwenye ukuta hakuliandika.

Hakulala vizuri, na hilo tusilipambe.

Jumanne alisimama mbele ya Bosi, Mwalimu na wafanyakazi wote wa stoo. "Kosa ni langu. Uliniambia unaleta kitu pale. Sikuuliza ni kitu gani."

Bosi Shih alikuja amejiandaa kwa ugomvi. Ukambakia mkononi kama mwavuli siku ya jua. Akamgeukia Mwalimu. Mzee alizungusha dira mara tatu, moja ya kazi na mbili za heshima.

"Mkuu wa Mwaka amekataza kutoboa," alitamka. "Kusimama hajakataza."

Wakasimamisha nguzo ya chuma upande wa pili wa tangi, kitako chake cha saruji, kisanduku kikafungwa juu yake, waya ukapita sakafuni chini ya mpira mnene. Mama Lien alizunguka rafu zote na skana, haikukata hata mara moja.

"Kumbe unakosea," alimwambia Hsiu-man akipita. "Tulikuwa tunakuogopa bure."

Alhamisi koki zilihesabiwa bila hitilafu. Bosi Shih, kupitia mkalimani, aliwasimulia wageni jinsi fundi wake alivyoboronga na Mwalimu akamwokoa. Hsiu-man alimimina chai macho yakiwa kwenye birika. Mwisho mgeni mmoja, mhandisi mwenye mvi, alimsogelea na mkalimani wake.

"Anauliza ulikosea vipi hasa."

Akamweleza kwa ufupi. Mgeni hakuridhika, akataka ramani. Akauliza kuhusu maji, kuhusu kioo, kuhusu rafu zikijaa na zikiwa tupu. Naye akakiri kwamba kwao waliwahi kupima bohari la karatasi kabla karatasi haijaletwa, ikabidi warudie. Walikaa kwenye maboksi ya koki nusu saa nzima, mkalimani akitokwa jasho, chai ikipoa.

Miaka yote ile hakuna aliyewahi kumuuliza Hsiu-man swali hata moja kuhusu kazi iliyokwenda sawa.