Kikopo Kisicho na Namba

Hemedi wa Mtawanya alitafuna mirungi miaka tisa, akaacha alipomwoa Nasra, na tangu hapo hakuna aliyemweza kwa kujisifu. Mtu akiacha kitu huwa shekhe wa kile kitu. Watafiti walipokuja kuchunguza kwa nini watafunaji hugunduliwa kuwa na kifua kikuu kikiwa kimeshakomaa, walimwajiri yeye, maana vijiwe vyote anavijua. Kazi yake ilikuwa kuuliza maswali na kukusanya makohozi.

Aliyemnyima raha ni Issa, rafiki yake tangu utoto. Issa alikuwa akikohoa mwezi wa pili huo, mbavu nje, na Hemedi alishamwona kaburini. Mwenyewe akisema ni vumbi la salfa inayopulizwa mikorosho tu. Kukonda je? Mirungi inakata njaa, nani asiyejua? Ndipo ugonjwa huu unapojificha, jamani: kila dalili imeshapata kisingizio chake.

Siku ile walikuwa watano chumbani kwa Issa, mirungi mkekani, madirisha yamefungwa kwa kuogopa askari, chupa moja ya maji inazunguka. Hemedi akatoa vikopo. Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Toa uchawi kwanza," Issa akasema.

Kwetu anayeleta kinywaji hukionja yeye kwanza, mgeni aone hakina kitu. Ila kikopo cha makohozi! Haya, Hemedi akatoka nao uani, akakohoa kutoka chini kabisa, akatema kikoponi mbele yao, akafunga kifuniko. Wakamcheka, kisha mmoja mmoja wakafuata.

Ofisini Chikongola, Veronika wa maabara, mama wa Kigoma asiye na mchezo, akavihesabu.

"Hiki hakina namba."

"Changu hicho, dada. Cha kuonyeshea tu. Tupa."

"Nikipime?"

"Pima, kama huna kazi."

Kesho yake alimwita peke yake, akamkalisha kwenye hadubini. Hemedi akafumba jicho moja. Akaona buluu tupu, na ndani yake vijidudu vya kifua kikuu, vijiti vyekundu, vyembamba, vingine vimelaliana kama njiti za kiberiti zilizomwagika. Vilipendeza, na hilo ndilo lililomtisha. Subhanallah, kitu kidogo hivi ndicho kilichomzika babu yake, mtu aliyebeba gunia la korosho bila kuguna? Alitazama mpaka jicho likatoa machozi.

"Maskini wa Mungu," akasema. "Ni vya nani?"

"Vimetoka kwenye kile kisicho na namba."

Hemedi hakuinua kichwa. Jasho la usiku alisingizia joto la Mtwara, kikohozi akasingizia salfa, kama wenzake. Watu mia mbili aliwauliza maswali yale, nafsi yake hakuiuliza hata moja. Veronika akamweleza taratibu kwamba dawa zipo, ni miezi sita, na watu wanapona.

Saa sita Issa akaja kuchukua majibu yake, akatoka anacheka.

"Sina, bwana. Si nilikwambia ni salfa?" Kisha akamwona mwenzake alivyokaa benchini. "Una nini wewe?"

Hemedi akajigusa kifua. Issa akakaa chini taratibu.

"Nasra anajua?"

"Bado. Na mtoto ana miezi minne, Issa. Tunalala naye katikati."

Issa akalitoa fundo la majani shavuni, akalitupa pipani.

"Inuka," akasema. "Twende tukawalete wapimwe."