Pazia la Sebule Isiyojengwa

Juzi, kwenye kaunta ya benki moja hapa Mbeya, mama mkulima wa mpunga kutoka Ubaruku alipekua mkoba akitafuta kitambulisho, akatoa kwanza pazia la maua.

"La sebuleni," alimwambia karani, akilipapasa. "Nimelishona kwa vipimo vya ramani."

Karani aliinamisha macho. "Mama, ule mpango wa mikopo ya kusaidia wanaojenga nyumba ya kwanza umebadilishwa masharti. Sasa umri wa mwisho ni miaka arobaini na tano. Umeshaivuka."

"Nilipoleta fomu sikuwa nimeivuka, mwanangu. Mbona hamkuniambia?"

"Barua ya mabadiliko huletwa kwetu wakopeshaji tu."

Mama alilikunja pazia taratibu, akalirudisha mkobani. Kumbe anayearifiwa mapema ni mwenye nyumba tayari. Nikiwa kwenye foleni nyuma yake, niliyatazama madirisha ya benki. Yote yana mapazia.