Kipindi cha Bibi Nilichokipaka Rangi

Chekeni tu, nimeshazoea. Bibi yangu alikuwa mchezaji mkongwe wa lelemama, ngoma ya wanawake wa pwani, na televisheni ya rangi ilipoanza Unguja walimpa kipindi kizima. Mashoga zake hapa Peckham, ughaibuni, wanadhani anajitapa. Nikaapa kuwanyamazisha.

Kanda yake ilitoka nyeusi na nyeupe kwenye mashine yetu ya video. Nikasema haidhuru, nitaipaka rangi mwenyewe. Wiki tatu nilikaa kwenye kompyuta, kazi za shule zikingoja. Wanawake kumi na wawili, kila mmoja nikampa kanga ya rangi yake, nikijiona fundi.

Mashoga wakaja, nikawasha.

"Lelemama gani hii isiyo na sare?" akauliza Bi Zuhura. "Hawa si kikundi, wameokotwa sokoni."

Bibi akainamisha kichwa. Mjomba, aliyekuwa kaketi nasi, akairudisha kanda yenyewe mashineni, akausukuma kwa kidole waya wa nyuma uliolegea. Skrini ikajaa rangi: kanga kumi na mbili za kijani, za namna moja, Bibi katikati.

"Mume wangu," Bibi akaniambia mimi mjukuu wake mbele ya wote, "kipindi cha televisheni ya rangi, ulidhani tulirekodi kwa mkaa?"