Darubini Isiyotaka Joto

Kuna asubuhi moja ambayo huikumbuka kila nionapo majivu, mwanangu. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka Mlima Meru hadi migombani kwa bibi yangu, Bibi Ndeshi, na nyumba yake ilikuwa kama imeachwa ielee mawinguni. Nilikuwa na miaka ishirini. Nchi ilikuwa imefungua milango ya biashara, watalii wanamiminika, nami nikapata kazi ya kutandika vitanda kwenye nyumba ya wageni kule Momela. Mgeni mmoja aliacha gazeti lenye picha za nyota. Nilirudi nalo likizo nimelikumbatia kama mtoto mchanga.

Humo nilisoma kwamba mwanga tunaouona ni sehemu ndogo tu ya mwanga uliopo. Kuna eksirei, miale ileile inayopiga picha mifupa yetu hospitalini. Huko mbali angani hutoka kwenye gesi yenye joto la kutisha. Kuna na miale ya joto, ambayo macho hayaioni lakini ngozi huihisi. Hiyo hupenya mavumbi ya angani na kufichua nyota changa zilizolala ndani yake. Hewa yetu huzuia mingi ya miale hiyo, ndiyo maana darubini hupelekwa juu kabisa, nje ya hewa. Jioni nzima nilimhubiria Bibi. Alinisikiliza akimenya ndizi, kisha akauliza, "Na huko juu nani anaipangusa vumbi?"

Asubuhi akaniambia nizoe majivu jikoni nikayamwage migombani, kama tulivyofanya siku zote. "Yapime kwanza," akasema. Kupima kwake kulikuwa ni kuweka mgongo wa mkono juu ya majivu bila kuyagusa, na kungoja kidogo.

Mimi, mwanangu, akili yangu ilikuwa bado kwenye gazeti, ukurasa wa katikati. Niliyatazama tu.

"Yamezimika, Bibi. Hakuna hata cheche."

"Umeweka mkono?"

"Bibi nawe! Macho si ninayo?"

Niliyazoa kwa karai, gazeti kwapani. Kwa uvivu wa kufika migombani nikayamwaga nyuma ya zizi, kando ya rundo la majani makavu ya migomba ya kumtandikia ng'ombe. Humo zizini alifungwa Tumaini, ng'ombe pekee wa Bibi, akiwa na mimba kubwa.

Nikarudi kwenye nyota zangu. Kilichonitoa huko ni mlio wa Tumaini. Rundo lilikuwa linawaka na moto umeshika fito za ukuta. Nilisimama tu nimeshika gazeti. Bibi alinipita mbio, akaingia ndani ya moshi na panga, akakata kamba. Walitoka pamoja, wote wawili wakikohoa. Majirani walileta maji, lakini zizi halikupona. Bibi aliungua mgongo wa mkono wa kulia, pale pale alipokuwa akipimia.

Nilimfunga kitambaa huku nikilia. Yeye akauliza taratibu, "Hiyo darubini yenu ya kuona joto, yenyewe ina joto?"

"Hapana, Bibi. Wanaipoza mpaka inakuwa baridi kupita barafu. Ikiwa na joto, joto lake litafunika lile la nyota. Itajiona yenyewe tu."

Akatazama mlimani, ukungu ukianza kuachia. "Basi ina akili kukushinda. Wewe umekuwa ukiwaka tangu jana."

Alicheka, nami nikacheka ndani ya machozi. Tumaini alizaa salama, ila mkono wa Bibi haukuhisi tena kama zamani. Likizo zote zilizofuata mimi ndiye niliyempimia majivu, naye hakuniharakisha hata mara moja.

Sasa wewe umetoka chuoni, na tangu juzi unatusahihisha sote mezani. Sikukatazi. Najua utamu wa kujua jambo ambalo nyumbani hakuna anayelijua. Ila mtu akinyamaza mbele yako, au mzee akikuambia neno bila kueleza sababu, usiseme hapa hakuna kitu. Poa kwanza. Sogeza mkono, ungoje. Usiloliona linaweza kuwa linawaka.

Mungu akupe macho ya kufika mbali kuliko yangu, mwanangu, na mkono usioungua. Na nyumba utakayoijenga, moto wake ukae jikoni.