Jina Lililoandikwa Kwenye Sanduku

Jina langu la ukoo silitaji hapa, na msinilazimishe. Nchi hii anwani ya kila mtu iko wazi mtandaoni pamoja na tarehe yake ya kuzaliwa, na wenye jina letu Sweden nzima ni wanne tu: baba yangu, mimi, kaka yangu aliyehamia Göteborg, na binti yangu, ambaye nilimpa jina langu baada ya baba yake kugundua kwamba anapumua vizuri zaidi akiishi kwingine. Ukiliandika tu kwenye simu, kabla ya dakika kuisha unajua mlango wetu ni upi hapa Hjulsta, pembeni mwa Stockholm, ghorofa ya ngapi, na baba anatimiza miaka mingapi.

Ndivyo alivyotupata Mwingereza.

Maana jina lenyewe ni la Kiingereza, tena si Kiingereza cha kila siku. Nimekuwa muuguzi hospitali ya Flemingsberg miaka ishirini na tatu, na sijaona siku imepita bila mgonjwa kusoma beji yangu, kunitazama usoni, halafu kuisoma tena. Wengine huuliza kama mume wangu ni Mwingereza. Bibi mmoja alinishika mkono akaninong'oneza kwa upole kwamba nimevaa beji ya mtu, nikairudishe kabla hawajaniona.

Barua ilikuja mwezi wa tatu, ya mkono, wino wa bluu, imeandikwa kwa baba. Baba ana miaka themanini na mbili. Alikuja huku kijana, kujifunza ufundi kwenye kiwanda cha malori Södertälje, akabaki mpaka akastaafu, na barua anazozijua ni za hospitali na za kodi tu. Hii ilimtia kiwewe. Akanipigia simu kazini: "Mama, njoo usome, kuna mtu ananiita ndugu yake."

Ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Kwetu mjukuu akipewa jina la bibi, basi yeye ndiye bibi, na baba yangu hajaacha kuutumia mwanya huo. Nikichelewa kumpelekea dawa, ananiuliza ni mama gani huyu anayemtupa mwanawe.

Mwandishi wa barua alikuwa mzee mwenzake, mgawa barua mstaafu. Miaka yake yote ya kazi alisoma majina ya watu juu ya bahasha, na alipostaafu akaamua kulichunguza la kwake. Jina letu, aliandika, na kwenye hilo "letu" ndipo nilipoanza kutoka jasho, lilizaliwa katika bonde moja magharibi mwa Uingereza, kwenye shamba la kondoo kando ya kijito. Shamba halipo tena. Kijito kipo. Watu wa shamba waliitwa kwa jina la shamba, na kwa vile walikuwa wazito wa kutembea, jina likakaa bondeni humo vizazi na vizazi: vijiji vitatu, makanisa mawili, basi. Halafu likaanza kupungua. Mabinti waliolewa wakaliacha. Vijana walikwenda vitani hawakurudi. Wengine walipanda meli kwenda Australia, na huko nako wakazaa mabinti watupu. Bondeni amebaki yeye peke yake, hana mke, hana mtoto.

Ila kulikuwa na tawi moja lililokuwa likining'inia. Mdogo wa babu yake alikuwa saveya, mpima ardhi wa serikali, akaenda Tanganyika, akatuma barua tatu, kisha kimya. Na sasa amegundua kuna watu wanne wa jina hilo Sweden, na mkubwa wao amezaliwa Tanganyika! Alituomba kitu kimoja: aje atuone, ili siku yake ikifika ajue kwamba jina haliondoki naye.

Nilipomaliza kusoma niliirudisha barua kwenye bahasha yake. Nilimwonea huruma kweli. Tatizo ni kwamba mimi na baba tunajua vizuri sana sisi ni tawi la nini.

Kisa chenyewe baba hukisimulia kila harusi, kila ubatizo, na watu hushika mbavu. Kwetu Rungwe mwanamke aliyeolewa halitaji jina la baba mkwe wake. Halitaji mbele yake, halitaji nyuma yake, hata mkwe akifa halitaji. Kama jina linafanana na la mboga fulani, mboga ile ataitafutia jina lingine maisha yake yote. Sasa bibi, huyo niliyerithi jina lake, alimpeleka baba kuanza shule. Babu alikuwa safarini. Mwalimu alikuwa mgeni, mtu wa pwani, ana daftari na foleni ya watoto mpaka nje. Jina la mtoto? Bibi akasema. La baba yake? Akalisema kwa taabu, macho chini. La babu yake mzaa baba? Bibi akawa bubu.

Angekuwepo jirani angemsaidia, lakini siku hiyo kwenye foleni hakuwepo hata mmoja wa kijijini kwake. Mwalimu akasema bila majina matatu mtoto hasomi. Bibi alikuwa ametembea tangu alfajiri. Basi akakumbuka sanduku.

Babu alikuwa amemfanyia kazi Bwana Saveya, akimbebea mnyororo wa kupimia ardhi milimani. Saveya alipokufa kwa homa, sanduku lake la vifaa lilibaki nyumbani kwa babu, na bibi akalifanya la kanga zake. Juu ya kifuniko kulikuwa na jina kwa rangi nyeupe. Bibi alikuwa amejifunza herufi kanisani, kwa hiyo kila alipochukua kanga alilisoma. Akamtajia mwalimu jina la kwenye sanduku. Mwalimu akaliandika bila kuinua uso. Babu aliporudi safari alicheka mpaka akakaa chini, akasema kesho atakwenda kusahihisha. Kesho hiyo tunaisubiri mpaka leo. Kutoka kwenye daftari jina likaingia kwenye cheti, kwenye pasipoti, na huku Sweden ofisi ya kodi, ambayo ndiyo inayoandikisha watu, ikalipokea kama jina la ukoo, ikatugawia wote.

Sasa jamani, unamwambiaje mzee wa watu kwamba ukoo wake uliopotea Afrika ni sanduku?

Nilitaka tumwandikie mapema, asipoteze nauli. Binti yangu, anayesoma chuo hapo hapo Flemingsberg na ambaye hunijibu kwa Kiswidi hata nikimwuliza kwa Kiswahili kama amekula, naye alisema nimwambie ukweli. Baba akakataa katakata. "Mtu anasema anakuja kunitembelea, nimwandikie asije? Mama, wewe ulinilea hivyo?"

"Baba, atavunjika moyo."

"Avunjikie hapa mezani, kuna maandazi. Akivunjikia kwake peke yake, nani atamshika?"

Nikamwandikia Mwingereza kwamba aje, na stempu nikaibandika kwa hasira.

Akaja mwezi wa tano. Baba alimsubiri kituoni Hjulsta, mwisho wa reli, amevaa suti aliyoagwa nayo kiwandani, na mimi nyuma yake. Mwingereza alishuka wa mwisho, mrefu, mwembamba, kofia ya kitambaa mkononi. Kama alishtuka kutuona tulivyo weusi ti, bila hata tone la maziwa, hakuonyesha. Alimtazama baba usoni kwa makini, akatafuta, na kwa kuwa mtu akitaka kuona huona, akapata. Alisema baba ana masikio ya babu yake yeye, wa kule bondeni. Weee! Baba akayashika masikio yake kwa furaha kana kwamba ameletewa zawadi, na njia nzima mpaka nyumbani akawa anatembea kichwa juu, akiyapeleka upande huu na upande huu.

Mezani kulikuwa na chai ya maziwa yenye tangawizi, maandazi, na mikate ya mdalasini ya Waswidi, mgeni asije akasema hatuwajui wenyeji wetu. Akatandaza ramani. Alikuwa ameichora mwenyewe. Vidoti vyekundu vilijaa bondeni kama surua, kimoja kimoja kikapotelea mjini, vinne vitano Australia, kimoja Kanada. Halafu huku juu, peke yake, kidoti kimoja kikubwa kuliko vyote: sisi. Kutoka kwenye tawi la saveya alikuwa amevuta mstari kwa penseli mpaka kwa baba. Katikati ya mstari aliacha nafasi ya jina moja, la mtoto wa saveya, ambaye lazima ndiye babu yangu.

Nilimkanyaga baba mguu chini ya meza. Baba akaniongezea chai.

Kisha mgeni, kwa aibu kidogo, akatoa mfukoni kichupa cha plastiki chenye kifuniko. Akaeleza kwa Kiingereza cha taratibu kwamba siku hizi mambo ya ukoo yanathibitishwa maabara, na kwamba, kama mzee hataona vibaya, angeomba ateme mate kidogo humu.

Baba aligeuka kwangu, akauliza kwa Kiswahili, "Huyu anataka nini?"

"Anataka mate yako, baba."

"Mate yangu! Nimempa chai, nimempa maandazi, anataka na mate?"

Nilicheka, Mungu anisamehe, nilicheka mpaka machozi, na mgeni akacheka kwa kutuona tunacheka, kichupa kikiwa bado mkononi. Halafu kicheko kikaisha, na hatukuwa na pa kujificha tena. Baba akakisogeza kichupa pembeni taratibu. Akaanza kusimulia, kwa Kiingereza chake cha shule ya misheni ambacho kina heshima zake.

Kisa nilichokisikia kwenye sherehe zote, siku hiyo hakikuchekesha. Mkwe, foleni, mwalimu, sanduku. Mwingereza alisikiliza bila kutikisika. Baba alipomaliza, mgeni alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Nilijua uso ule, nauona wodini kila wiki, na nilitamani kumshika bega lakini nikaogopa.

"Kwa hiyo hakuwa na mtoto," alisema hatimaye.

"Hakuwa naye," baba akajibu. "Lakini hakutupwa. Baba yangu alimzika kanisani kwetu, akapalilia kaburi mpaka alipokufa. Sasa wanapalilia watoto wa ndugu zangu. Nitakuonyesha picha. Na sanduku lipo."

Mwingereza aliitazama ile picha kwenye simu ya baba kwa muda mrefu, jiwe dogo na nyasi zilizokatwa. Akala andazi zima. Chozi lilimtoka akalifuta na kipande cha karatasi ya mezani, nasi tukafanya kama hatukuona. Halafu mgawa barua akamrudia ndani yake. Akachukua kifutio, akafuta mstari wa penseli uliotoka kwa saveya mpaka kwa baba, akapuliza vumbi, akachukua kalamu ya wino.

"Siwezi kuacha watu mahali pasipo pao," alisema. "Nitawaandika pembeni, na ukoo wenu wenyewe." Akaniangalia mimi, labda kwa sababu Kiingereza changu ni chepesi zaidi. "Yule ambaye bibi yako alishindwa kumtaja. Aliitwa nani?"

Nilifungua mdomo kumjibu.

Hakikutoka kitu. Nilikuwa na miaka hamsini na moja. Kisa hicho nimekisikia zaidi ya mara mia, nimekicheka kila mara, nimewasimulia wauguzi wenzangu kwenye chumba cha kahawa. Sikuwahi kuuliza jina lenyewe lilikuwa lipi. Uso uliniwaka moto. Mtu ametoka kwao na ramani, amekaa kwetu saa mbili, ameuliza.

Nikamgeukia baba.

"Usinitazame mimi," alisema kwa Kiswahili, akitabasamu, ila sauti haikuwa ya utani. "Hujaniuliza hata siku moja. Nikasema labda hulitaki."

"Baba, mimi..."

"Miaka yote hiyo namsimulia mkwe, mwalimu, sanduku. Mnacheka, mnakwenda kula."

Nikamwambia nisamehe. Akatikisa mkono kuufukuza msamaha, akainama mbele, akalitaja. Jina fupi, la kwetu, ambalo sijawahi kulisikia kwa mtu mwingine yeyote. Mwingereza akaomba arudie, akaliandika polepole, herufi moja baada ya nyingine, kisha akaigeuza ramani ili nione. Kumbe kalitia kidoti kabisa, chekundu, peke yake, Rungwe.

Baba akanigusa mkono.

"Haya, mama," alisema. "Pale shuleni ulishindwa, nikiwa nimekushika kanga. Sasa litaje. Au bado unamwogopa mkwe?"

Nikalitaja. Lilinitoka dogo, limepinda, na lafudhi ya Kiswidi.

Baba alikuwa amefumba macho. "Tena," akasema.

Nikalitaja tena.