Kibanda Kilichosema Mlimani

“Mashine imelia kutwa nzima kwamba betri inaisha, na nyinyi mnapiga domo juu yake kama hamna masikio.”

Huyo ni shemeji yangu, mume wa dada, fundi wa redio za magari ya wagonjwa. Si mtu wa kufoka, lakini siku hiyo alifoka. Mashine anayoitetea iko kileleni mwa mlima: inapokea sauti ya gari lililo upande huu na kuirusha upande wa pili. Jana yake ilizimika, na gari lenye mama mwenye uchungu likazunguka mabondeni bila kujua daraja limefunikwa na maji. Mtoto akazaliwa garini. Mungu tu.

“Tiiti, tiiti,” akajibu dereva mkuu, tunayemwita Honi kwa kuwa hana sauti ya chini. “Nani ajue inaumwa wapi? Siku ikisema Kiswahili, betri mpya naipandisha mimi, kwa bega hili.”

Tulicheka. Gari halifiki kileleni, na mbeba betri siku zote ni shemeji.

Shemeji alihamia chumbani kwangu, ninakopokea simu na kuita magari, akawa anabonyeza namba kwenye redio ya mkononi. Mashine ina sauti ya kutengenezwa, akanieleza, ila maneno iliyokuja nayo yote ni ya kigeni. Kwa Kiswahili haina hata neno moja. Ina vipande vya sauti, kila kipande na namba yake, naye anavipanga kimoja kimoja kama anayetunga shanga. Namba zinaruka hewani, mashine inazihifadhi.

Mara ya kwanza ilisema kama mtu mwenye jino bovu.

“Shemeji, huyo mgonjwa wako mpe dawa kwanza.”

Akacheka, akafuta, akaanza upya.

Kisha mawingu yakagoma kuondoka, betri ikakosa jua la kuichaji. Mchana mmoja Honi alikuwa njiani na mzee anayetafuta pumzi, huku madereva wenzake wakipiga soga redioni. Katikati ya vicheko ikaingia sauti isiyo ya mwanamume wala mwanamke:

“Betri iko chini. Semeni kwa ufupi.”

Nywele zilinisimama. Kule juu hakuna mtu. Kuna kibanda, mlingoti na upepo, na kibanda kinatuomba kwa lugha yetu. Soga ikakatika.

“Honi, daraja limefunikwa,” nikasema. “Pita barabara ya juu.”

“Nimesikia.” Sauti ndogo, sikujua kama anayo. Hadi leo sijui alikuwa ananijibu mimi au mashine. Mzee alifika hospitali anapumua.

Mvua ilipokatika nilipanda mlimani na shemeji na Honi. Kitu kama hicho hakikoswi. Shemeji mbele na spana yake, anapiga mluzi. Honi nyuma, betri begani, shati chapachapa. Mlangoni mwa kibanda akakitazama kisanduku chenyewe, kidogo kama redio ya jikoni.

“Ndicho hiki?” akanong'ona.

“Ndicho.”

Akaitua betri taratibu, kama anayeogopa kukiamsha.

“Deni limekwisha, Fundi?”

“Limekwisha, ndugu yangu. Pumzika.”