Ng'ombe Wangu na Gari la Maji

Niliolewa kwa ng'ombe kumi na wawili, na kwa desturi yetu sisi Wakurya ng'ombe hao hawakuwa wa kuchinja wala wa kuuza. Baba alikuwa ameshafariki, kwa hiyo walikaa katika boma la mama wakimsubiri mdogo wangu wa kiume apate mchumba. Dada akiolewa, ng'ombe wake ndio wanaomwoza ndugu yake. Mtu akiniuliza mambo ya injini yalinihusu nini mimi, mwanamke wa kuuza ugali kwenye machimbo, namwambia hivyo. Walikuwa ng'ombe wangu.

Ilikuwa miaka ile ya maduara, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu, watu wakiwa wamemiminika kwetu Kewanja, Nyamongo, kutoka kila mkoa. Mdogo wangu alikuwa na pikapu kuukuu ya petroli. Alibeba mawe kutoka kwenye maduara kupeleka kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe, na siku ambazo hakuna mawe alikwenda Sirari, mpakani na Kenya, kuleta petroli kwenye madumu. Kipimo chake cha mafuta kilikuwa kimekufa zamani, na viti, mazulia, hata shati la dereva, vyote vilinuka petroli. Naomba msomaji alikumbuke hilo, maana mdogo wangu mwenyewe hakulifikiria hata siku moja.

Basi akaja injinia. Sisi tulimwita hivyo kwa sababu yeye mwenyewe alijiita hivyo. Alivaa shati jeupe lenye kalamu tatu mfukoni, na mahali ambapo watu waliandika madeni kwa mkaa ukutani, kalamu tatu zilimtosha kuwa profesa. Alisema magari ya kesho yatatumia maji. Alisema Wazungu wanalijua jambo hili siku nyingi ila wanalificha ili waendelee kutuuzia mafuta.

Nilikuwa nawapakulia watu ugali. Nikamuuliza, "Na siri yote hiyo, ikawaruka watu wa Dar es Salaam ikaja kushukia kwetu Kewanja?"

Akatabasamu. "Mama, nabii hakubaliki kwao."

Wachimbaji wakaguna kwa heshima. Mtu akishataja Biblia kwetu, umeshashindwa.

Mashine yenyewe ilikuwa chupa kubwa ya plastiki, ndani vibao vya chuma, waya mbili kutoka kwenye betri, maji, na chumvi ya siri. Ukiunganisha waya, maji yanatoa mapovu. Watu walikuja kuyatazama mapovu hayo kama walivyokwenda kumtazama mtu aliyeokota dhahabu. Mimi nilisema hata uji unatoa mapovu, na sijaona mtu anaendesha gari kwa uji. Mchimbaji mmoja wa makamo, mteja wangu wa kila siku, alinijibu kwa huruma kabisa: "Dada, umeona zebaki inavyoingia kwenye tope lisilo na kitu, ikatoka na dhahabu? Kama tope lina dhahabu usiyoiona, kwa nini maji yasiwe na moto usiouona?"

Hapo ndipo nilipoelewa ugonjwa wa pale. Mtu aliyemwona jirani yake ameamka bila shati na kulala akiwa tajiri, huwezi tena kumwambia kwamba jambo fulani haliwezekani. Dhahabu ilikuwa imewaharibu akili, na mdogo wangu akiwa wa kwanza.

Mashine ikafungwa kwenye pikapu, tangi la petroli likakaushwa mbele ya watu, na gari likatembea. Nasema kweli, lilitembea wiki nzima. Kila jioni injinia aliliegesha mwenyewe nyuma ya nyumba ya mama, akajifungia ndani yake robo saa, eti anailisha mashine chumvi na hataki kuangaliwa. Mdogo wangu alitembea mabega juu. Injinia akamwambia wawe washirika: atamtengenezea mashine za kufunga kwenye makarasha yote ya Nyamongo, ila hataki hela za makaratasi, anataka ng'ombe. Mdogo wangu alijibu kwamba ng'ombe ni wa mahari na mahari ina mwenyewe. Nilimsifu siku ile.

Mwenyewe alikuwa binti wa upande wa pili wa Mto Mara, kabla hujafika Mugumu. Mdogo wangu alimpenda mpaka akapunguza kula. Siku ya kupeleka posa ikapangwa, na lazima tuende na gari la maji, ukweni wakaone. Siku moja kabla, injinia akaondoka kwenda mjini Tarime, Bomani, kuandikisha ugunduzi wake serikalini.

Asubuhi ya safari nilikuwa napakia sukari na kanga nyuma ya kiti cha dereva. Nikavuta gunia lililokuwepo. Chini yake palikuwa na dumu la lita kumi, na kutoka kwenye dumu mpira mwembamba umepenya kwenye tundu kwenda kwenye injini. Ndani ya dumu petroli ilibaki isiyojaa kikombe. Nilicheka peke yangu, tena kwa sauti. Hiyo ndiyo iliyokuwa chumvi ya siri.

Kisha kicheko kikaniishia. Baba mdogo alikuwa ameshavaa koti lake la kanisani. Shangazi alikuwa ameshapanda nyuma. Mdogo wangu alikuwa anafuta kioo cha gari huku akiimba. Nikiwaambia sasa, hatuendi. Nisipowaambia, gari litazimika hata mto hatujauona, nasi tufike ukweni tukivutwa na maksai kwa kamba, na posa ya mtu wa namna hiyo nani ataipokea?

Nikakimbia kwa mama mmoja wa upande wa Kenya aliyeuza petroli kwenye chupa kando ya barabara.

"Sista, si mmesema gari yenu siku hizi inakunywa maji?"

"Nataka lita kumi za kuulia siafu."

"Lita kumi za siafu? Aki hao ni siafu ama ni ndovu?"

Nililipa, nikarudi kwa njia ya nyuma, nikajaza dumu na kulifunika kwa gunia. Nilijiambia tukirudi nitamweleza.

Tulipofika Mto Mara mdogo wangu alisimamisha gari, akateremka na kopo, akachota maji ya mto akajaza chupa, taratibu, kama padri anayebatiza. Baba mdogo alivua kofia. Mimi nilikaa nyuma na shangazi, nimeuma midomo. Ukweni wakatupokea kwa shangwe. Baba wa binti aliinama kwenye boneti, akaomba aonje yale maji, akatema. "Yana chumvi," akasema, na wazee wote wakatikisa vichwa kwamba ni kweli, yana chumvi. Posa ikakubaliwa siku hiyo hiyo. Walisema baada ya wiki mbili watakuja kuwaangalia ng'ombe, ndivyo desturi ilivyo.

Usiku wa kurudi sikumwambia. Sijapata kumwona mtu mwenye furaha kama ile, na sikuwa na moyo wa kumvunja. Nikasema kesho. Kesho yake nilikuwa na wateja. Keshokutwa injinia alirudi kutoka Bomani, na mdogo wangu, ambaye sasa alikuwa ameliona gari likienda na kurudi injinia akiwa hayupo, hakuhitaji tena kushawishiwa na mtu. Alimpa ng'ombe wote kumi na wawili. Nilipopata habari walikuwa wameshavuka mpaka, na injinia alikuwa ameondoka nao, na dumu lake na mpira wake, eti anakwenda kununua vyuma.

Ukweni walikuja wakakuta boma tupu. Baba wa binti hakugombana. Aliangalia zizi, akaangalia pikapu iliyozimika mlangoni ikitoa mapovu, akaomba maji ya kunywa, yasiyo na chumvi, akaondoka. Binti aliolewa mwaka huo huo na mtu mwingine. Mdogo wangu alikuja kuoa akiwa na mvi.

Ungedhani amejifunza. Siku hizi ananitumia video kwenye simu: pikipiki inayojichaji yenyewe ikitembea, gari la sumaku, jenereta inayojizungusha milele. Kuna fundi pale Tarime ana pikipiki ya betri, nimeipanda, ni kitu kizuri, haina kelele. Lakini jioni anaichomeka ukutani na uniti za umeme kwenye luku zinapungua, na ndiyo maana naiamini. Mdogo wangu anaidharau kwa sababu hiyo hiyo.

Mwezi uliopita alikuja kwangu na video ya gari la maji. Akasema, "Unaona, dada? Lile letu lilikuwa kweli. Lilitupeleka ukweni, na wewe ulikuwemo." Nikachoka. Nikamwambia yote: gunia, dumu, mpira, mama wa Kenya, lita kumi.

Nikajiandaa kwa hasira yake, au kwa machozi.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Mashine ya maji unaitilia petroli? Miaka yote hii najiuliza iliharibikia wapi."

Hakukasirika. Uso wake ulitulia, akaninywea chai yangu yote, akaenda zake. Jumapili iliyofuata ukoo mzima ulikuwa unajua kwamba mimi ndiye niliyeiua mashine, nikamkosesha ndugu yangu utajiri na mke. Mama, ambaye sasa haoni vizuri, aliniita nikae karibu naye, akanishika mkono, akaniuliza kwa upole kwa nini nilimfanyia mdogo wangu vile. Nilianza kumweleza habari za dumu na mpira, nikaishia katikati. Maana petroli ile kweli niliinunua mimi.